Mkwe Wetu wa Kwenye Kaseti

Mwezi uliopita nilikuwa saluni mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, redio ikaanza kupiga wimbo. Kinanda kwanza, taratibu, kisha sauti ya mwanamume anayeimba kama anaogopa kumwamsha mtoto. Niliruka. Msusi alibaki na rasta mkononi.

"Mama, nimekuumiza?"

"Hapana, mwanangu. Huyo anayeimba ni mkwe wetu."

Yule binti alicheka mpaka akaegemea kioo. Simlaumu, kazaliwa juzi. Lakini wewe ngoja nikueleze vizuri, maana nadhani u wa rika langu, au ulilelewa na mtu wa rika langu, na utanielewa nikikuambia kwamba Mmarekani mmoja mwenye ndevu, ambaye hajawahi kukanyaga Kagera na wala hajui kama Izigo ipo duniani, alikuwa mkwe wa nyumba yetu kwa zaidi ya miaka kumi. Aliheshimiwa kuliko wakwe wengine waliokuja na miguu yao.

Alikuja kwetu wakati wa vita vya Kagera. Mimi nilikuwa nakaa kijijini Izigo, kusini mwa Bukoba, kwa Bibi, mama yake baba, kwa sababu baba na mama walikuwa Mwanza kikazi na walisema mtoto akikulia mjini atasahau kumenya ndizi. Babu alikuwa amefariki kabla sijazaliwa. Shangazi, dada yake baba na kitinda mimba wa Bibi, alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Bukoba, na alikuwa amepanga chumba mtaa wa Buhembe. Ndiye aliyekuwa msomi wetu. Alikuwa na vidole vyembamba visivyotulia. Hata akisubiri chakula alikuwa anapiga chapa kwenye goti lake.

Vita vilipofika na watu wa Bukoba kuanza kukimbilia kusini, Bibi alisimama kando ya barabara siku mbili, anakagua kila lori linalopita. Siku ya tatu Shangazi alishuka kutoka juu ya magunia ya watu wengine, nywele zimejaa vumbi, amekumbatia redio kaseti. Hakuwa na kitu kingine.

"Godoro liko wapi?" Bibi alimuuliza hata kabla ya kumkumbatia.

"Nimeliacha, mama."

"Umeacha godoro ukabeba sanduku la kelele?"

"Godoro haliimbi, mama."

Bibi alimchapa kofi la mgongoni, kisha akamshika akalia palepale barabarani, na mimi nikalia kwa kuwaiga. Nilikuwa na miaka saba hivi. Nilikuwa nalitazama lile sanduku.

Ndani yake kulikuwa na kaseti moja tu. Shangazi alikuwa ameinunua mjini kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa, vifungo, taa za chemli, na pembeni, kwenye kabati la kioo, kaseti za nyimbo za Kizungu alizotumiwa na ndugu zake wa Uingereza. Yule bwana alizaliwa Bukoba, na baba yake alizaliwa Bukoba. Kihaya alikijua kuliko sisi watoto, na ukitaka akupunguzie bei kupita kiasi alikukasirikia kwa Kihaya. Yeye ndiye aliyemwambia Shangazi, "Sikiliza huyu, anatunga mwenyewe, anaimba mwenyewe, hapigi kelele." Hivyo ukitaka kujua nani alikuwa mshenga, ni yule Mhindi.

Nyuma ya nyumba, katikati ya kibanja, tulichimba handaki. Kibanja kwetu ni lile shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, na handaki letu lilikuwa kati ya mgomba na mgomba, baridi, linanuka udongo mbichi. Upepo ukitoka kaskazini tulisikia mingurumo. Wengine walisema ni mizinga, wengine walisema ni radi ya ziwani, na Bibi hakungoja kujua tofauti, alitushusha wote shimoni, mchana kweupe, na sufuria ya maharage ikiwa bado mafigani. Yeye alisali rozari, Shangazi alifungua kaseti kwa sauti ndogo. Salamu Maria na yule Mmarekani walipokezana.

Ilikuwa siku ya tatu au ya nne shimoni ndipo Bibi alipokatiza sala.

"Huyu analalamika nini?"

Shangazi akamtafsiria. Ulikuwa wimbo wa mwanamume ambaye mkewe ameondoka, naye kila jioni anawasha taa na kuiacha inawaka barazani, asije mke akarudi akajikwaa.

Bibi alifikiri. "Mafuta ya taa anayapata wapi?"

Mafuta ya taa kwetu wakati huo yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Shangazi alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga, kwa kuwa tulikuwa tumejificha. Wimbo wa pili, mwanamke mwingine ameondoka. Wa tatu, ameondoka na mbwa. Bibi aliweka rozari chini.

"Tena? Kijana huyu hana mama wa kumtafutia mke? Basi aje amchukue huyu wangu, anayeacha magodoro."

Hivyo ndivyo tulivyomwoza Shangazi, waitu, ndani ya handaki.

Sasa Bibi alikuwa mtu wa utani, lakini utani wake aliufuata hadi mwisho. Kwa desturi yetu ya zamani, mama mkwe na mkwe hawatazamani ovyo usoni, wala hali mmoja chakula mbele ya macho ya mwenzake. Tulipotoka shimoni siku ile, tukakaa kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni kula ndizi na maharage, kava la kaseti likiwa juu ya redio, na yule Mmarekani anatutazama na ndevu zake na gitaa lake. Bibi aliinua tonge, akalirudisha.

"Mkwe yupo," alisema. "Siwezi kula."

Akanyoosha mkono, akaligeuza kava kifudifudi, akala. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria ya nyumba. Kabla ya chakula, kazi yangu ilikuwa kuleta maji ya kunawa na kumgeuza mkwe.

Vita viliisha, Shangazi akarudi Buhembe, akakuta godoro limeshaenda na wezi. Ikafuata ile miaka ya shida, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni. Lakini mimi ukiniuliza juu ya miaka hiyo, nakumbuka Jumapili. Shangazi alikuwa anakuja mwisho wa mwezi. Tukitoka misa ya kwanza tulikata nyasi rweya, kule kwenye uwanda wa wazi nje ya vibanja, tukazitandaza upya sebuleni, na nyumba nzima ikanukia nyasi mbichi. Bibi alichemsha kahawa ya kutafuna, zile punje ndogo ngumu tunazompa mgeni kabla ya kumpa habari. Kahawa nyingine ilikuwa uani juu ya majamvi, na kazi yetu ilikuwa kuigeuza kwa miguu. Betri zilikuwa juani juu ya jiwe tangu asubuhi, ili zipate nguvu ya mwisho mwisho. Kisha Shangazi alifungua kaseti na sote tukanyamaza, hata kuku.

Kazi ya mkwe wetu tuliifuata kwa kava. Kaseti ya kwanza, yupo shambani, ndevu nyingi, gitaa. Bibi alipenda lile shamba. Kaseti ya pili, yupo kwenye kinanda kikubwa cheusi, ndevu zimepunguzwa, na Shangazi akasema hii ndiyo iliyompa jina. Huko kwao watu walijaza viwanja vya mpira kwenda kumsikiliza akiimba polepole. Bibi hakuelewa kwa nini mtu aende uwanjani kusikia habari za mwanamke aliyeondoka, wakati habari hizo ziko kila kijiji. Kaseti ya tatu ilituudhi. Alikuwa amenyoa, amevaa koti linalong'aa, na nyuma yake kulikuwa na ngoma za mashine zilizogonga bila huruma.

"Ameingia kwenye kundi baya," Bibi alisema.

Shangazi alieleza, kwa yale aliyosoma kwenye magazeti ya zamani aliyopewa na yule Mhindi, kwamba kampuni ilimtaka abadilike, kwamba huko Marekani walianza kumchoka, walitaka nyimbo za kuruka. Ajabu ni kwamba alipokuwa anashuka kule, kwetu ndiyo kwanza alikuwa anapanda. Kila kitu kilitufikia kimechelewa. Shangazi alimtetea kama ndugu. Alisema mtu anayejua kuimba taratibu hawezi kupotea, atapumzika, atarudi. Alikuwa hajaolewa. Walikuja wachumba wawili watatu, na mmoja nampenda hadi leo kwa sababu alileta pipi, lakini Shangazi kila mara alipata sababu. Bibi alianza kusema, kidogo kwa utani na kidogo kwa uchungu, kwamba yule mkwe wa kwenye kaseti amewafungia mlango wenye miguu.

Kisha mkwe alinyamaza. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu, bila kaseti. Na miaka hiyohiyo ndipo sisi tulipoingia kwenye lile jambo letu.

Sipendi kulieleza sana, unalijua. Mwanzoni watu waliliita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichopendwa sana, kilicholetwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka mpakani, kwa sababu waliokivaa ndio walioanza kukonda. Baadaye likawa silimu, kutoka neno la Kiingereza la wembamba. Baadaye likakosa jina, watu wakasema tu "anaumwa" na kutazama chini. Desturi yetu ni kwamba mtu akifa kijijini, jembe haligusi ardhi mpaka msiba uishe. Ulifika wakati majembe yalikaa ukutani wiki baada ya wiki, magugu yakapanda kwenye migomba, mpaka wazee wakakaa wakapunguza siku za msiba, la sivyo waliobaki wangekufa njaa. Bibi alirudi kutoka kikao kile amenuna. Alisema hakuwahi kufikiri ataishi kuona wafu wanapangiwa zamu.

Na macho yetu yaliharibika. Hata sisi watoto tulijua kusoma mtu. Tuliangalia mashavu, tuliangalia nywele kama zimelainika, tuliangalia shingo na mikono. Aliyetushinda wote ni jirani yetu, mama mmoja aliyeuza rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Alikuwa na moyo mzuri, lakini jicho lake lilikuwa hukumu. Akikutazama ukipita, akasema "mpora, waitu", yaani taratibu, mwenzetu, na kuongeza pole ambayo hukuiomba, ulirudi nyumbani ukajitazama kwenye kioo. Ndiyo maana neno tamu kuliko yote kijijini lilikuwa moja tu: umenenepa. Watu walipeana neno hilo kama zawadi, hata pale ambapo halikuwa kweli, hasa pale ambapo halikuwa kweli.

Shangazi alirudi Izigo nikiwa darasa la sita. Alisema ni likizo. Alishuka kwenye gari dogo la mizigo, amevaa sweta juani, na nyuma ya gari kulikuwa na redio kaseti, sanduku, vyombo, na godoro.

Bibi alilitazama lile godoro. Safari hii hakuuliza kitu. Alilibeba mwenyewe mpaka chumbani.

Wiki za kwanza Shangazi alikaa uani, anatusaidia kuchambua kahawa. Baadaye alikaa kitandani, mlango wazi ili atuone. Tuliishi kwa kusingizia. Bibi alisingizia malaria, Shangazi alisingizia tumbo, mimi nilisingizia kwamba sisikii. Kitu kimoja tu alikisema wazi, na alikisema kila siku, kwamba mtu wake lazima atatoa kaseti nyingine.

"Utaona," aliniambia huku vidole vikipiga chapa kwenye blanketi. "Wamesema amekwisha. Akitoka tena na mimi nitasimama. Tumekubaliana."

Nilimwamini. Nilikuwa na umri wa kuamini mambo hayo. Niliwaza kwamba uhai wa Shangazi uko mikononi mwa Mmarekani asiyefanya haraka.

Siku moja padri alitoka mjini na ujumbe wa yule Mhindi, kwamba kaseti mpya imefika. Bibi alinipa nauli na mkungu mmoja wa ndizi wa kumpelekea. Nilimkuta mwenye duka amezeeka. Nusu ya rafu zilikuwa tupu, wanawe wote wameshahamia ng'ambo, na kwenye kile kibarabara maduka ya ndugu zake yalikuwa yamefungwa kwa kufuli za shaba.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Shangazi yako hajambo?"

"Hajambo kidogo."

Alielewa hilo "kidogo". Aliingiza mkono kwenye kabati la kioo, akatoa kaseti, akaishika muda kabla ya kunipa. Nikaitazama. Mkwe wetu alikuwa amekonda. Mashavu yameingia ndani, mifupa ya uso imetoka, macho makubwa. Nywele laini, zimepungua mbele. Alivaa koti refu zito, na shingoni amejiviringishia skafu. Kila alama tuliyojifunza kijijini ilikuwepo.

"Mpelekee tu," mwenye duka alisema. Alikataa kupokea hela. Ndizi alizipokea kwa mikono miwili.

Nilipofika Izigo sikuingia chumbani, nilipita jikoni kwa Bibi. Jirani yetu alikuwepo, anamenya ndizi naye. Alinipokonya kaseti, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Ai mawe! Na mkwe naye?"

"Naye nini?" Bibi aliuliza.

"Angalia shingo alivyoificha. Angalia nywele. Mimi si nilisema, mtu hanyamazi miaka yote hiyo bure?"

Bibi aliitazama ile picha. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akimtazama mkwe uso kwa uso. Hakuna hata mmoja wetu, naapa, aliyefikiri kwamba huenda Mzungu amekonda tu, au kwamba kwao kuna baridi na skafu ni skafu. Hatukuwa na macho ya namna hiyo tena. Bibi alijifuta utomvu wa ndizi mikononi, akafanya ishara ya msalaba, akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto wa watu, mbali na mama yake." Kisha akanigeukia.

"Shangazi yako asimwone huyu. Umesikia? Akimwona hivi, ataiacha kamba anayoishikilia."

"Atataka kuona kava, Bibi. Huwa anasoma maneno yote."

"Mama mkwe atahamia chumbani," Bibi alisema.

Na alihamia. Alichukua kigoda, kikapu cha maharage na rozari, akakaa miguuni pa kitanda. Kaseti ikaingizwa kwenye redio, kava likawekwa dirishani kifudifudi. Shangazi aliposema, "Mama, nipe nimwone," Bibi alijibu, "Mkwe na mama mkwe chumba kimoja? Unataka watu waseme nini? Ataonekana nikitoka." Na hakutoka. Alikula humohumo, alichambua maharage humohumo, na akilazimika kutoka alilibeba kava ndani ya kitenge chake. Shangazi alicheka. Kicheko chake kilikuwa kimebaki kidogo, lakini alikitoa chote.

Kaseti yenyewe ilikuwa nzuri. Ngoma za mashine zilikuwa zimeondoka, alikuwa amerudi kwenye kinanda chake na taratibu yake. Ila kabla ya wimbo wa tatu, sijui fundi wao alisahau kukata, alikohoa. Kikohozi kifupi, kikavu. Bibi alitazama dari, mimi nilitazama maharage. Siku zilizofuata, kila ulipokaribia wimbo wa tatu Bibi alianza kusema jambo kwa sauti kubwa, habari za mbuzi wa jirani, habari za mvua, mpaka kikohozi kipite. Kwenye rozari ya jioni aliongeza nia moja: kwa ajili ya wagonjwa walio mbali. Tulikuwa tunamwombea Mmarekani.

Wiki tatu baadaye kulikuwa na msiba kilimani. Bibi alienda kuzika, na kwa haraka akaliacha kava dirishani. Nilikuwa kisimani. Niliporudi na ndoo yangu nilikuta kava liko mkononi mwa Shangazi, limegeuzwa uso juu. Sijui alifikaje dirishani, alikuwa hawezi tena kusimama peke yake.

"Njoo ukae," aliniambia.

Nilikaa kwenye kigoda cha Bibi. Machozi yalishaanza.

"Nani alisema nisimwone?"

"Bibi. Alisema utaiacha kamba."

Shangazi aligusa mashavu ya yule mtu wa kwenye kava kwa kidole kimoja, halafu akagusa yake.

"Bibi akirudi, mwambie nimemwona. Mwambie nimesema amenenepa."

"Lakini Shangazi, hajanenepa."

"Mimi nina macho, mwanangu. Wewe mwambie hivyo hivyo."

Nilimngoja Bibi njiani, chini ya kilima. Alikuwa amechoka, kanga yake ina udongo wa makaburini. Nikamwambia: Shangazi amemwona mkwe. Akasimama ghafla.

"Amesemaje?"

"Amesema amenenepa."

"Amenenepa?" Bibi alinitazama. "Amenenepa wapi?"

Hilo sikuwa nimefundishwa. "Mashavuni," nikasema.

Bibi alikaza kanga kiunoni, akasema, "Basi Mungu ashukuriwe, mkwe amepona," akatembea mbele yangu mpaka nyumbani, akaingia chumbani, akakaa kwenye kigoda chake. Nikawasikia wakicheka wote wawili, kicheko kilekile cha handakini, cha kuziba mdomo. Baadaye hawakucheka tena, na mimi nilibaki uani nikigeuza kahawa ambayo ilikwisha kukauka.

Shangazi alifariki majira ya senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wakati watoto wengine walikuwa rweya wanawakimbiza na chupa mikononi. Jirani yetu wa rubisi ndiye aliyemwosha, na kwa mara ya kwanza hakusema neno. Alizikwa kibanjani, kati ya migomba, karibu na pale handaki lilipokuwa. Bibi aliitunza kaseti miaka mingine mingi. Utepe ulilegea, mkwe akawa anaimba kama mlevi, lakini Bibi hakuruhusu itupwe, na mpaka anafariki, mzee kabisa, hakuna aliyekula mbele ya lile kava.

Hayo yote nilimsimulia msusi wangu wa Bakoba, kwa kifupi, na kichwa changu kilikuwa bado nusu. Alikuwa ameacha kucheka. Alichukua simu yake, akauliza jina la mwimbaji, akaandika, akasubiri.

"Mama," alisema, "mbona huyu yuko hai?"

Nilimwambia haiwezekani, miaka yote hiyo nilimhesabu pamoja na wafu wetu.

"Yuko hai. Hii ni ya mwaka huu. Anasema aliacha muziki miaka mingi alee watoto wake, akaacha na sigara, sasa amerudi kuimba na wajukuu wake. Ona."

Nikaona. Mzee wa Kizungu yuko kwenye kinanda, upara unang'aa, videvu vimekuwa viwili, tumbo linagusa kinanda, anaimba ule wimbo wa taa ya barazani, taratibu, na watoto wadogo wanamsaidia kiitikio. Nitakuambia ukweli: kwanza nilifurahi, kisha nilimkasirikia vibaya sana. Nilimkasirikia kwa kila mwaka aliopewa. Sigara! Sisi tulimwombea miezi mizima kwa sababu ya sigara. Halafu hasira ikaisha nikabaki nalia na kitambaa cha saluni shingoni, na yule binti akanishika mkono akanituliza, akaniwekea ile video kwenye simu yangu.

Kesho yake nilikwenda Izigo. Duka la yule Mhindi nililipita njiani, siku hizi panauzwa makava ya simu, na wenyewe walishaondoka bila mtu kuwaaga. Nyumba ya Bibi ina sakafu ya saruji, hakuna anayetandaza nyasi. Migomba mingi ugonjwa wa mnyauko umeimaliza, ile iliyobaki imesimama mmoja mmoja, na anga inaonekana mahali ambapo zamani haikuonekana. Kaseti sijui iko wapi. Wale tuliokuwa tukinyamaza pamoja Jumapili, nimebaki mimi, na ndiyo maana nakusumbua wewe na habari hizi.

Shangazi na Bibi wamelala sambamba. Niling'oa magugu kidogo, nikakaa kati yao, nikafungua simu. Mzee akaanza kuimba. Nilielekeza kioo upande wa Shangazi, nikainama.

"Shangazi, amenenepa," nikamwambia. "Safari hii ni kweli. Mashavuni, kila mahali."

Nikaiacha simu juu ya kaburi lake, nikafungua mfuko nilimokuwa nimefunga ndizi zangu za njiani. Nilikuwa nimeshainua tonge nilipomkumbuka Bibi, yupo palepale ubavuni. Nikanyoosha mkono, nikaigeuza simu kifudifudi, nikala.